Kupima Msitu wa Kijiji kwa Kamba na Futi

Mfanyabiashara wa magogo akifika kijijini, swali lake la kwanza ni idadi: mna mipingo mingapi ya kuvuna? Kamati isiyo na jibu hupewa jibu na yeye mwenyewe, na bei hufuata hapo hapo. Nimefanya kazi na kamati za maliasili za vijiji vya Kilwa na Liwale, na kote huko ushauri wangu ni mmoja: pimeni wenyewe, kabla hajaja mtu.

Sheria ya Misitu ya Tanzania ya mwaka 2002 inaruhusu kijiji kutenga msitu wa hifadhi kwenye ardhi yake, kuusimamia na kunufaika na mapato yake. Lakini lazima kuwe na mpango wa usimamizi, na ndani ya mpango kuna kiwango cha kuvuna. Kiwango hicho hakikisiwi. Mwaka 2009 vijiji vya Kikole na Kisangi, wilayani Kilwa, viliingia kwenye cheti cha FSC, shirika la kimataifa linalothibitisha misitu inayosimamiwa vizuri, na kilikuwa cha kwanza Afrika kwa msitu wa asili unaosimamiwa na jamii. Cheti cha namna hiyo hakipatikani bila hesabu ya miti inayoweza kukaguliwa.

Hampimi msitu mzima, mnapima maduara machache ndani yake, yanayoitwa ploti. Vifaa ni vichache. Tafuteni kamba ya mita 15 isiyovutika. Ya nailoni laini ikivutwa inaongezeka, na duara lenu linakua bila ninyi kujua. Wekeni alama kwenye mita 5 na mita 10. Kateni fimbo ya mita 1.3. Chukueni dira, GPS ya mkononi (ofisi ya misitu ya wilaya huwa inaazima), chaki, panga, fomu na penseli. Kalamu ya wino achaneni nayo, jasho na umande huifuta. Futi ya fundi cherehani inafaa kwa miti mingi, ila inaishia sentimita 150, yaani mti wa kipenyo cha kama sentimita 48. Mkongo mkubwa utaipita, kwa hiyo bebeni na ndefu.

Watu watano wanatosha: mshika dira, wawili wa kamba na futi, mwandishi, na mtambuzi wa miti. Huyu wa mwisho msimchague kwa cheo. Tafuteni mzee au mama anayejua mti kwa gome na harufu hata wakati wa kiangazi, majani yakiwa yamepukutika. Ndiye anayetofautisha mninga na mpangapanga kwa mbali, na makosa yake yakiwa mengi fomu yote haina thamani. Kwenye maeneo ya tembo ongezeni askari wa mgambo.

Sasa jambo ambalo ningependa mlishike kuliko yote. Ploti zipangwe kwenye ramani, mkiwa mmekaa ofisini, kabla hamjaingia porini. Choreni mikuza, yaani mistari, iliyonyooka kukatisha msitu, na wekeni ploti kila baada ya umbali ule ule, tuseme mita 200. Mkifika kwenye alama mkakuta kichaka cha miiba, ploti ni hapo. Mkikuta uwazi usio na mti hata mmoja, ploti ni hapo pia, na mwandishi aandike sifuri. Nimeona timu nzuri kabisa zikisogea hatua ishirini kwenda kwenye mipingo minene, kwa nia njema, eti ploti tupu ni aibu kwa kijiji. Hatua hizo ishirini zikirudiwa msitu mzima, mnapata miti ya kwenye karatasi, na miaka michache baadaye mnavuna msichokuwa nacho.

Mkiwa kwenye ploti, chomekeni kijiti katikati na mzunguke na kamba. Ndani ya mita 15 pimeni kila mti wenye kipenyo cha sentimita 20 na zaidi. Ndani ya mita 10, kuanzia sentimita 10. Ndani ya mita 5, kuanzia sentimita 5, na hapo hapo hesabuni miche ya mpingo na mninga. Kwa kuwa futi inapima mzingo, kumbukeni namba hizi: mzingo wa 63 ni kipenyo cha 20, wa 31 ni cha 10, wa 16 ni cha 5. Mpingo unaoruhusiwa kuvunwa huanzia kipenyo cha 24, yaani mzingo wa 75 na kitu. Mwandishi aandike mzingo kama ulivyosomwa. Kugawanya kwa 3.14 kutafanyika kijijini, kivulini.

Futi ipite kwenye kimo cha mita 1.3, na fimbo iwekwe upande wa juu wa mteremko. Toeni kwanza mimea itambaayo. Mti uliogawanyika chini ya 1.3 ni miti miwili, juu ya hapo ni mmoja. Mti ulioinama pimeni kwa kufuata shina lenyewe. Kwenye mteremko kamba ishikwe mlalo, isifuate ardhi. Kila mti uliopimwa utiwe chaki. Mpingo gongeni kwa mgongo wa panga, maana mingi mikubwa ina uwazi ndani, na moto wa kila mwaka unachangia. Andikeni "mzima" au "una tundu".

Hesabu ni fupi, ila kila duara lina eneo lake na idadi zake zisichanganywe. Duara la mita 15 ni mita za mraba 707. Tuseme mmepima ploti 40: hizo ni hekta 2.83. Mkikuta mipingo sita ya kuvunwa, gawanyeni, mnapata 2.1 kwa hekta. Msitu ukiwa wa hekta 3,000, ni kama 6,300.

Hapo watu hushangilia, na mimi huwaomba watulie. Miti sita ni michache mno kusimamia namba kubwa hivyo. Mpingo huota kwa makundi, kwa hiyo ploti mbili tatu zikiangukia penye kundi, hesabu nzima inapanda. Nashauri mchukue nusu tu, mtoe yenye tundu, mtoe ya kuachwa kwa ajili ya mbegu, kisha kinachobaki mgawanye kwa miaka ya mzunguko wa mavuno mliokubaliana na bwana misitu. Halafu tazameni duara la mita 10. Kama mipingo ya kipenyo cha kati ya 10 na 24 ni haba, punguzeni tena, kwa sababu mpingo unaweza kuchukua miaka 70 hadi 100 kufikia ukubwa wa kuvunwa, na hakuna mfadhili anayeweza kuuharakisha.

Matokeo yasomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, namba kwa namba, pamoja na ploti za sifuri. Nakala moja iende wilayani, nyingine ibaki kwa mtendaji. Vipimo vya GPS vya kila ploti viandikwe kwenye daftari gumu, maana baada ya miaka mitano timu nyingine italazimika kusimama kwenye vijiti vile vile.