Somo: Kupima fosfatesi katika maji ya kijani ya ziwa

Wengi wetu tunaopima maji ya Ghuba ya Murchison (Ziwa Viktoria, karibu na Kampala) tunaishia kwenye fosfeti, yaani fosforasi ambayo mwani huweza kuifyonza moja kwa moja. Kipimo kikitoka kidogo, tunaandika kwamba maji yana nafuu. Hapo tunakosea. Maji yanaweza kuwa kijani kibichi na fosfeti iliyoyeyuka isionekane, kwa sababu mwani umeshaifyonza yote. Fosforasi ipo, ila imo ndani ya viumbe na mabaki yao.

Fosfatesi ya alkali ni kimeng'enya cha mwani na bakteria. Kazi yake ni kama ya mkasi: hukata fosfeti kutoka kwenye mabaki hayo ili iweze kufyonzwa. Mwani wenye njaa ya fosfeti hukitengeneza kwa wingi, ulioshiba hupunguza. Basi pima vyote viwili, kutoka chupa moja, siku ileile.

Hatua ya 1: Vyombo. Usioshe kwa sabuni ya unga, maana nyingi zina fosfeti. Suuza kwa asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa, kisha kwa maji yaliyotoneshwa, mara kadhaa.

Hatua ya 2: Maji. Chota sehemu mbili: karibu na mfereji wa Nakivubo, unaoleta maji taka ya Kampala, unapoingia ziwani, na mbali nje ya ghuba. Weka chupa gizani kwenye barafu, upime siku hiyohiyo. Usitie asidi ya kuhifadhi, itaua kimeng'enya.

Hatua ya 3: Mchanganyiko. Mililita 4 za maji ya ziwa, mililita 1 ya bafa ya Trisi (kimiminika kinachoshikilia pH isibadilike, hapa 8.5) yenye milimoli 5 kwa lita za paranitrofenili fosfeti, unga ambao kimeng'enya kikiukata hutoa rangi ya njano. Kamwe usitumie bafa ya fosfeti, kwani fosfeti yenyewe hukizuia kimeng'enya. Acha saa mbili kwenye nyuzi 25. Maelekezo ya hospitali, ya kupima kimeng'enya cha aina hii kwenye damu, husema 37, lakini ziwa letu halina joto hilo, na tunataka kujua linalotokea ziwani.

Hatua ya 4: Kusimamisha na kusoma. Hapa ndipo matokeo mengi huharibika, nendeni taratibu. Ongeza nusu mililita ya sodiamu haidroksaidi (moli 1 kwa lita). Kimeng'enya kinasimama na rangi ya njano inakolea. Chuja, kisha soma ufyonzaji wa mwanga kwa spektrofotomita (mashine ya kupima rangi) kwenye nanomita 405. Lakini maji ya mwani yana rangi yake! Kwa hiyo andaa chupa ya ulinganisho: maji yaleyale, muda uleule, ila sodiamu haidroksaidi itangulie na bafa yenye paranitrofenili ifuate mwishoni. Punguza usomaji wake kutoka usomaji wa kwanza. Andaa pia chupa ya maji yaliyotoneshwa yenye bafa ileile. Ikigeuka njano sana, unga wako umechakaa, nunua mwingine.

Hatua ya 5: Hesabu. Tofauti ya usomaji gawanya kwa 18,000, namba ya jinsi rangi hiyo ya njano inavyofyonza mwanga (kikombe cha kusomea chenye upana wa sentimita 1). Mfano: 0.072 hutoa mikromoli 4 kwa lita. Zidisha kwa mililita 5.5 za mchanganyiko, gawanya kwa 4 za maji ya ziwa, kisha kwa saa 2. Jibu ni mikromoli 2.75 kwa lita kwa saa.

Hatua ya 6: Fosfeti. Chuja kwa kichujio cha mikromita 0.45, tumia njia ya bluu ya molibdenamu (fosfeti hutoa rangi ya bluu), soma kwenye nanomita 880.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Nimepata fosfeti nyingi na kimeng'enya nacho kiko juu. Nimekosea wapi?*

Marahaba. Huenda hujakosea. Bakteria wanaweza kukata molekuli za mabaki zenye fosfeti wakitafuta kaboni, si fosfeti. Tena seli zikifa huacha kimeng'enya kikielea majini kikiendelea na kazi. Chuja maji kwa mikromita 0.2 kabla ya hatua ya 3, urudie. Kinachobaki ni kile kilichoyeyuka, si cha mwani ulio hai.

*Ziwa George halipokei maji taka ya Kampala. Mbona kijani mwaka mzima?*

Ni ziwa lenye kina kifupi mno, wastani wa mita 2.4, na upepo hulikoroga. Viboko nao huongeza kinyesi. Fosforasi ileile huzungushwa upesi kati ya mwani, wanyama wadogo na tope, kwa hiyo kiasi kilichoyeyuka wakati mmoja hakikwambii utajiri wa ziwa.

*Tukiusafisha mfereji wa Nakivubo, maji ya Ggaba, ufukweni mwa ghuba, yatapona mwaka huohuo?*

Hapana, na ni vyema tuwaambie watu wazi. Tope la chini limekusanya fosforasi kwa miaka mingi, sehemu yake ikishikwa na chuma. Oksijeni ikiisha chini, chuma huiachia fosforasi hiyo, nayo hupanda tena juu. Kusafisha mfereji ni lazima. Ila pimeni tope pia, kabla ya kuahidi mwaka wa kupona.