Makande ya kupokea wageni usiku wa mkesha wa Krismasi

Kila tarehe 24 Desemba nyumba yangu hapa Uyole, Mbeya, hupokea ndugu wasiopungua kumi na tano kutoka Dar. Basi limetoka alfajiri, limepita Mikumi, limekwama kwenye foleni ya Kitonga, na baada ya kilomita zaidi ya 800 linawashusha stendi ya Nane Nane usiku, mvua inanyesha, watoto wanatetemeka ndani ya fulana za Dar. Mmoja anafika saa mbili, mwingine saa sita, na wote wanataka kitu cha moto. Pilau ni ya kesho yake. Usiku ule ni makande. Wali ukisubiri unakauka, ugali ukisubiri unapoa na kuwa mgumu, ila makande yakisubiri ndiyo yananoga.

Wengi mmeniambia yenu yanatoka magumu. Mara nyingi mnafuata saa za mapishi ya Pwani. Maji ya Dar yanachemka kwenye nyuzi 100. Hapa Mbeya mjini tuko mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, na huko Makete, juu zaidi yetu, yanachemka chini ya hapo. Kuongeza kuni hakuyapandishi joto, kunayakausha tu. Huku kwetu chakula kigumu kinataka kulowekwa na kupewa muda.

Kwa watu 20 andaa mahindi meupe yaliyokobolewa kilo 2, maharage kilo 1 na nusu, vitunguu maji vikubwa 6, nyanya 10 zilizoiva, karoti 5, hoho 2, kitunguu saumu kichwa kimoja, mafuta ya alizeti kikombe kimoja cha chai, karanga za kusaga robo kilo, na chumvi. Kwenye maharage mimi ni mtu wa kablanketi, mchuzi wake ni mzito wenyewe. Ya njano pia ni mazuri. Muulize muuzaji ni mavuno ya lini, kwa sababu maharage yaliyokaa sana stoo, hasa penye joto, hugoma kuiva hata uyamalizie mtungi mzima wa gesi.

Hatua ya 1, usiku wa tarehe 23. Chagua, peta, osha. Loweka mahindi na maharage kila kimoja chombo chake, maji yazidi kwa vidole vinne. Asubuhi mwaga maji hayo. Tumbo halitajaa gesi sana.

Hatua ya 2, saa sita mchana. Bandika mahindi peke yake. Baada ya saa moja tia maharage, na yakianza kutokota yaache yachemke kwa nguvu nusu saa nzima kabla hujapunguza moto. Hapa msilegeze. Maharage yasiyoiva, hasa mekundu, yana sumu ya kutapisha na kuharisha, na haivunjwi na moto wa uvuguvugu. Maji yakipungua ongeza ya moto, weka birika pembeni.

Hatua ya 3, kupima. Kuanzia saa tisa alasiri chukua punje ya hindi na ya harage, ziminye kwa vidole. Zisagike zote, pasibaki kiini kigumu. Kama bado, ni bado. Usianze kuunga. Nyanya zina asidi, na asidi hulifanya harage lisilainike. Mwaka mmoja niliziweka mapema ili niwahi ibada ya mkesha. Nilirudi saa tano usiku nikayakuta magumu vilevile, na baba mkwe wangu aliyala bila kusema neno. Mpaka leo nikishika nyanya namkumbuka.

Hatua ya 4, kuunga. Kaanga vitunguu mpaka viwe rangi ya kahawia, tia saumu, kisha nyanya, uzipike mpaka mafuta yajitenge. Karoti na hoho zifuate. Mimina kwenye makande pamoja na chumvi. Koroga karanga kwa maji ya vuguvugu zisifanye mabonge, ndipo uzitie, na kuanzia hapo mwiko ufike chini kabisa kwa sababu karanga hushika sufuria. Dakika 20 zinatosha.

Hatua ya 5. Punguza makaa, funika, yabaki yanafuka moshi mpaka mgeni wa mwisho afike. Pakua na kipande cha parachichi la Tukuyu na pilipili.

MASWALI YENU

Mama Pacha, Mafinga: Kamwene dada. Mimi naweka magadi yaive haraka. Nakosea?

Kamwene dada yangu. Magadi yanalainisha kweli, lakini yanaharibu vitamini B1, na yakizidi chakula kinanuka sabuni. Yaweke akiba kwa maharage ya zamani, tena ncha ya kijiko tu.

Kijana wa Soweto, Mbeya: Shikamoo mama. Nina presha kuka na mtungi mdogo wa gesi. Inafaa?

Marahaba mwanangu. Inafaa kuliko kitu chochote kwa sisi wa milimani, maana inabana mvuke na joto linapita nyuzi 100. Usijaze zaidi ya nusu, maharage hufanya povu likaziba tundu. Mahindi yaliyolowekwa yape dakika 45 hivi. Usifungue kabla presha haijashuka yenyewe.

Bibi Mjukuu, Tukuyu: Sisi mgeni tunampokea kwa mbalaga, ndizi zetu za kupika. Mbona umeiruka?

Shikamoo bibi. Sijaidharau, kwangu inapikwa tarehe 25 mchana na nyama ya ng'ombe. Ila ndizi huliwa zikiiva tu, zikisubiri basi la usiku zinapoteza utamu.

Shangazi, Njombe: Kiporo je? Wanangu wanakipenda kuliko chenyewe.

Hata wangu. Ila baridi ya kwetu si friji, wifi yangu. Sufuria kubwa inakaa vuguvugu usiku kucha na hapo ndipo chakula kinapoharibika. Gawa kwenye vyombo vidogo vipoe upesi, viingie kwenye friji ndani ya saa mbili. Asubuhi chemsha mpaka yatokote yote, na uchemshe ya kuliwa tu. Kama huna friji, pika ya kuisha.

Mjukuu, Makambako: Babu yetu hana meno na ndiye anayeyapenda zaidi.

Mtolee yake kabla ya karanga. Yaponde kwa mwiko, ongeza maziwa freshi kikombe kimoja, rudisha motoni dakika tano. Na mpakulie wa kwanza, kabla watoto hawajaizunguka sufuria.