Jinsi ya kukansel sabskripsheni ya gazeti la mtandaoni bila kuzungushwa, na kujua bei ya kweli kabla hujalipa

Niseme wazi kwanza, mimi napenda magazeti na naamini habari nzuri ni ya kulipiwa, mwandishi anayefukua mambo ya wakubwa miezi mitatu hawezi kuishi kwa hewa. Ndo maana inaniuma kuona gazeti ambalo kila wiki linaandika kuhusu kampuni zinazonyonya wateja, halafu lenyewe linamfanyia msomaji wake yale yale, kujiunga unabonyeza mara mbili tu umemaliza, kutoka unaambiwa piga simu, tena kwa saa zao za kazi. Na siyo gazeti moja lililopotoka. Mwaka 2021 American Press Institute, taasisi ya Marekani inayosaidia vyombo vya habari, ilitoa matokeo ya utafiti wa vyombo vya habari 526 vya Marekani, ni asilimia 41 tu vilivyokuwa vinamrahisishia msomaji kukansel mtandaoni, na zaidi ya nusu vilikuwa vimewafundisha wahudumu wao mbinu za kumzuia mtu anayepiga simu kutaka kutoka. Yaani watu wamekalishwa darasani kufundishwa namna ya kukung'ang'ania.

Kwa hiyo jipange kabla ya kuingia.

Kabla hujaweka namba ya kadi

Ile namba kubwa kwenye tangazo siyo bei, ni bei ya kukuvutia. Bei yenyewe iko chini kwa maandishi madogo ya kijivu, tafuta maneno kama "baada ya hapo" au "itajirudia yenyewe hadi utakapositisha". Ukishaipata piga hesabu ya miaka miwili, usipige ya mwezi mmoja. Tuseme wanakwambia 5 kwa mwezi kwa miezi 6 ya kwanza, halafu 20. Kichwa chako kinasoma 5, unaona mwaka ni 60, mbona nafuu. Hesabu ya kweli ni 30 ya miezi sita ya mwanzo ukijumlisha 120 ya miezi sita inayofuata, mwaka wa kwanza tayari 150. Mwaka wa pili 240, mara nne ya ulichofikiria, na gazeti ni lile lile halijaongeza hata ukurasa.

Na hapo angalia neno lingine, "kila wiki 4". Watu wengi wanalisoma kama mwezi, kumbe siyo. Mwaka una wiki 52, gawa kwa 4 unapata 13, kwa hiyo unalipa mara 13 kwa mwaka na ile 240 inakuwa 260. Pia tarehe ya kukatwa inarudi nyuma karibu kila mwezi, leo tarehe 28 mara nyingine 25 mara 22, ndo inakuwa ngumu kuishtukia kwenye taarifa ya benki. Mimi naona gazeti linaloandika bei ya wiki kwa herufi kubwa halafu linakata wiki 4 au mwaka mzima kwa mkupuo halimheshimu msomaji wake, lingeandika tu kiasi kitakachotoka kwenye kadi.

Kingine ni bei tofauti kwa watu tofauti. Ukurasa ule ule, siku ile ile, wewe unaonyeshwa bei hii na mwenzako nyingine, kutegemea mko wapi, mmesoma makala ngapi, au mfumo umekadiria kila mmoja ana uwezo wa kulipa kiasi gani. Jimbo la New York lina sheria iliyoanza kutumika 2025 inayolazimisha biashara kukwambia kama bei imepangwa na algorithimu, yaani programu ya kompyuta inayojiamulia, kwa kutumia data zako binafsi, lakini sehemu nyingi duniani hakuna wa kukwambia. Kwa hiyo jiangalizie mwenyewe, fungua ukurasa wa bei kwenye dirisha la faragha la brauza, kisha kwenye simu, kisha mwombe rafiki afungue kwake, chukua ya chini.

Sasa piga skrinshoti. Ukurasa wa bei, ukurasa wa mwisho kabla ya kubonyeza lipa, na imeli ya uthibitisho. Hizo picha tatu ndo zitakutetea baadaye, maana ukurasa wa ofa hubadilishwa wakati wowote na ukija kulalamika wanakwambia bei ilikuwa imeandikwa, utathibitishaje kwamba haikuwepo?

Halafu weka alarm kwenye kalenda ya simu, siku 8 au 10 kabla ya ofa kuisha, usiweke siku yenyewe maana wengine wanakata usiku wa kuamkia siku hiyo. Wanaolipa kwa Visa wajue kwamba tangu Aprili 2020 Visa inawataka wafanyabiashara wanaotoa kipindi cha majaribio au bei ya utangulizi wamtumie mteja kikumbusho angalau siku 7 kabla ya kuanza kukata bei kamili, na wampe njia rahisi ya kukansel mtandaoni. Kikumbusho kisipokuja usinyamaze, kitaje kwenye malalamiko yako. Ila usikitegemee, kinaweza kuangukia kwenye spamu.

Siku ya kutoka

Kwanza jua nani anakukata pesa. Hapa wengi wanapotea, wanahangaika na gazeti wakati pesa inapitia Apple. Angalia jina kwenye taarifa ya benki. Likiwa la Apple nenda settings za simu, bonyeza jina lako juu kabisa, ingia kwenye sabskripsheni, kansel hapo. Likiwa la Google fungua Play Store, bonyeza picha yako, nenda sehemu ya malipo na sabskripsheni. PayPal nayo ina sehemu ya malipo ya moja kwa moja ndani ya settings. Kufuta apu kwenye simu hakukansel chochote, narudia, hakukansel chochote, apu inaondoka na makato yanaendelea. Kwa kweli kama bei ni ile ile mimi namshauri mtu anayejiunga mara ya kwanza apitie duka la apu, duka linakata kamisheni yake kwenye pesa ya gazeti na hilo silipendi, lakini kutoka unatoka mwenyewe bila kuomba ruhusa ya mtu.

Kama ulijiunga kwenye tovuti ya gazeti lenyewe, ingia kwenye akaunti kwa kompyuta, siyo simu, kwenye simu kitufe mara nyingi kimezikwa chini kabisa au hakipo. Ukikipata jiandae kwa mlolongo, huwa unafanana karibu kila mahali. Skrini ya kwanza inakuuliza kwa nini unaondoka, chagua lolote. Ya pili inakuorodheshea utakavyovikosa, makala, michezo ya maneno, mapishi. Ya tatu inakuletea punguzo. Ya nne inakuuliza kama ungependa kusimamisha kwa muda badala ya kukansel, na hiyo ndo mbaya zaidi kwa sababu kitufe cha kusimamisha ni kikubwa cha rangi, cha kuendelea kukansel ni kimstari chembamba cha kijivu ambacho jicho linakiruka. Ukisimamisha, mwezi ukiisha makato yanarudi yenyewe. Ya tano ndo inathibitisha. Watu wengi wanafunga ukurasa kwenye ya nne wakiamini wamemaliza. Hujamaliza mpaka uone maneno yanayosema sabskripsheni imesitishwa pamoja na tarehe ya mwisho ya huduma, piga skrinshoti hapo hapo, na subiri imeli. Mbinu hizi zina jina, mtaalamu wa usanifu wa tovuti Harry Brignull aliziita "dark patterns", yaani usanifu wa hila, mwaka 2010 akaanza kuziweka hadharani.

Lile punguzo la skrini ya tatu lisikupite hivi hivi. Linakuonyesha kwamba bei ya chini walikuwa nayo muda wote, ila wanampa anayetishia kuondoka, na msomaji mwaminifu aliyekaa miaka mitano kimya ndo analipa bei ya juu kuliko wote. Hii naiona ni dhuluma. Kama gazeti bado unalipenda, chukua hilo punguzo bila aibu, soma linaisha lini, weka alarm nyingine.

Wakisema lazima upige simu au uchati, usiingie kwenye maongezi. Mhudumu ana karatasi yake mbele, kila sababu unayotoa ina jibu lake, ukisema ghali anapunguza, ukisema huna muda anakupa kusimamisha, ukisema hupendi habari zao anakuuliza zipi. Yeye mwenyewe ni mwajiriwa tu, msemeshe kwa heshima ila rudia sentensi moja: "Asante, sihitaji ofa, naomba unisitishie sabskripsheni sasa na unipe namba ya uthibitisho." Kwenye chati nakili maongezi yote kabla ya kufunga dirisha. Na kama laini haipokelewi tuma imeli, unaweza kutumia hii:

"Habari. Naomba kusitisha sabskripsheni yangu kuanzia leo. Akaunti yangu ni ya imeli hii ninayoandikia. Sihitaji punguzo wala kusimamisha kwa muda. Kuanzia sasa naondoa ruhusa ya kukata kiasi chochote kwenye kadi yangu. Naomba mnithibitishie kwa maandishi pamoja na tarehe ya mwisho ya huduma."

Imeli inabaki na maneno yako, tarehe na saa, simu haikuachii ulichosema.

Sheria, kama uko mahali ambapo ipo

Kwa walio Ujerumani, tangu 1 Julai 2022 tovuti inayouza mkataba wa kuendelea lazima iwe na kitufe cha kusitisha kinachoonekana. Ufaransa ilifuata 1 Juni 2023. California inataka aliyejiunga mtandaoni aweze kutoka mtandaoni, na hapa ndo utaona hila yenyewe, kuna magazeti ambayo msomaji wa California anaonyeshwa kitufe na wa jimbo jingine anaambiwa apige simu. Kumbe kitufe kipo, kimeshatengenezwa, wamekuficha tu. Mtajie mhudumu hilo. Marekani kwa ujumla, tume ya biashara FTC ilipitisha kanuni Oktoba 2024 kwamba kutoka kuwe rahisi kama kuingia, lakini mahakama ya rufaa ikaifuta Julai 2025 kwa hoja ya utaratibu kutofuatwa. Kilichobaki ni sheria ya 2010 iitwayo ROSCA inayotaka njia nyepesi ya kusitisha makato yanayojirudia, na bado ina meno: Septemba 2025 Amazon ilikubali kulipa dola bilioni 2.5 kumaliza kesi ya FTC kuhusu Prime, huduma yake ya uanachama wa kulipia, kwa kuwaunganisha watu bila ridhaa na kufanya kukansel kuwe kugumu. Kama kwenu hakuna sheria mahsusi, mamlaka ya kulinda mlaji au ya ushindani bado inapokea malalamiko.

Wakiendelea kukata

Angalia taarifa ya benki kwa mizunguko miwili ya malipo baada ya kukansel. Usikimbilie kubadilisha kadi ukidhani umewakomesha, kwa sababu Visa na Mastercard wana huduma ambayo yenyewe inawapelekea wafanyabiashara namba mpya ya kadi yako, makato yanakufuata hadi kwenye kadi mpya. Na kuzuia kadi bila kukansel kunaweza kuonekana ni deni, wengine wanalipeleka kwa wakusanya madeni. Kansel kwanza, ndo uende benki.

Benki usiseme umeibiwa, ukisema wizi wanafungua kesi ya aina nyingine na utashindwa maana kadi uliweka mwenyewe. Sema unapinga muamala unaojirudia ambao ulishausitisha, Visa ina kundi lake kabisa la mgogoro huo, namba 13.2. Wape skrinshoti ya kusitisha, ile imeli yako, na tarehe ya kukatwa iliyokuja baadaye. Nenda mapema, muda wa kupinga una kikomo. Wakati huo huo waandikie gazeti kwamba umeshafungua mgogoro benki na kwamba malalamiko yako yanakwenda kwa mamlaka ya mlaji, nakala ya barua wape mhariri na idara ya wateja wote wawili, maana mara nyingi chumba cha habari hakijui kinachofanywa na watu wa mauzo, na wako waandishi wanaochukia hili kama wewe.