Feni juu ya maji inashusha joto la tangi la matumbawe

Kwa wenye matangi ya maji ya chumvi hapa Dar, joto hili kabla hujakimbilia kununua chila, yaani mashine ya kupoza maji ya tangi, jaribu feni kwanza. Toa mfuniko wa tangi, funga feni ndogo ya mezani au zile za kompyuta, ielekeze upepo upite juu ya maji kwa mshazari na siyo kwenye kioo, kioo hakisaidii kitu. Maji yanayogeuka mvuke yanaondoka na joto, ni kama jasho linavyokupoza ukikaa kwenye upepo, unaweza kushuka nyuzi 2 hadi 3 na matumbawe mengi yanataka maji yakae kwenye 25 hadi 27, yakikaa juu ya 30 siku kadhaa yanaanza kupauka na kufa na inauma sana kuyaona hivyo.

Sasa hapa kuwa makini: maji yatapungua kila siku na chumvi haiondoki na mvuke, kwahiyo jazia maji yaliyochujwa, yasiyo na chumvi, kidogo kidogo. Ukijazia ya chumvi unayaua matumbawe mwenyewe.

Masika hewa ikishiba unyevu feni haifui dafu, hapo ni AC ya chumba au chila tu. Umeme ukikatika nao weka chupa ya barafu iliyofungwa vizuri ielee kwenye tangi, moja moja huku unaangalia kipimajoto, maana joto likishuka ghafla nayo ni hatari.