Simu ya shangazi, kamera mbili na DVD ya wazazi: ninavyozipatanisha kabla ya montaji

Harusi huniletea kazi Jumatatu asubuhi. Mtu anapanda ngazi huku kwetu Kadutu, Bukavu, na mfuko mkononi: kadi mbili za kamera, flashi, simu ambayo mwenyewe anaitaka kabla ya saa sita, na safari hii DVD iliyofungwa kwenye gazeti. "Yaya, byote biko mu sakoshi." Kweli vyote vimo. Canon ya kameramani wa kwanza. Kamera ndogo ya zamani ya mwenzake, inayotoa mafaili ya MTS. iPhone ya shangazi wa bibi harusi. Tecno ya shemeji. Video saba zilizopita WhatsApp. Na ndani ya DVD, harusi ya wazazi wa bwana harusi, ambayo familia inataka ifungue filamu.

Zamani nilikuwa namwaga kila kitu kwenye taimlaini, ule mstari wa kupangia klipu, na kuanza kukata. Nikaja kuumbuka na hotuba ya baba mmoja: dakika ya kwanza safi, dakika ya nane mzee amekwisha fumba mdomo na maneno bado yanatoka. Nililipwa nusu, na sikubisha.

Nusa kwanza

Bidoni la manjano halikuambii kama ndani kuna mawese au kasiksi, pombe yetu ya ndizi; unafungua kizibo unanusa. Faili nalo ni hivyo. MP4 na MOV ni vyombo tu. Ndani yake kodeki, yaani namna picha ilivyobanwa, inaweza kuwa H.264, inaweza kuwa HEVC, na MOV mbili zenye majina yanayofanana zinaweza kuisumbua mashini yako kwa namna mbili tofauti kabisa. Kunusa ninatumia MediaInfo, ni ya bure na ni nyepesi. Natazama mambo manne: kodeki, idadi ya fremu (picha moja moja) kwa sekunde na kama imeandikwa "Variable", yaani inabadilika, kama picha ni nzima au ya mistari inayopishana, na sauti kama ni kilohezi 48 au 44.1. Kila faili naliandika kwenye daftari. Dakika ishirini hivi, na ndizo zinazoniokoa usiku wa Alhamisi.

Chagua 25, uifunge

Umeme wetu ni hezi 50. Taa za ukumbi zinapepesa kwa kuufuata mwendo huo, kwa hiyo kamera iliyowekwa fremu 25 na shata (muda wa kila fremu kupokea mwanga) ya 1/50 inapata mwanga uliotulia, na simu inayopiga 30 ndiyo mara nyingi inaleta michirizi inayopanda ukutani nyuma ya keki. Filamu zangu zote za hapa ni 25. Kwenye DaVinci Resolve, programu ninayokatia, namba hiyo iweke kabla hujaingiza klipu hata moja, maana ukishaingiza, mradi unaifunga.

Simu: hapa ndipo pana vita

Kamera ya kawaida inahesabu fremu kama saa ya ukutani. Simu inakwenda na hali yake: giza likizidi inapunguza, ikipata joto inapunguza, kisha inarudi. Klipu inasema 30, kumbe katikati kuna sehemu ya 24 na nyingine ya 29 na kidogo. Programu ya montaji inapochukulia kwamba mwendo ni mmoja, picha inatembea kwa mahesabu yake na sauti kwa yake. Kumbuka pia kwamba 29.97 si 30. Anayezichanganya anapoteza zaidi ya nusu sekunde ndani ya dakika kumi, na hiyo yatosha mdomo kuachana na maneno.

Dawa ni kuigeuza klipu kabla haijagusa mradi. Natumia ffmpeg, programu ya bure ya kugeuza video kwa kuandika amri. Amri ni moja:

ffmpeg -i shangazi.mov -vf fps=25 -c:v dnxhd -profile:v dnxhr_sq -pix_fmt yuv422p -c:a pcm_s16le -ar 48000 shangazi_25.mov

Fremu zinakuwa 25 zisizoyumba, sauti inakuwa kilohezi 48 bila kubanwa, na kodeki inakuwa DNxHR, ambayo kila fremu yake inajitegemea. Kama shangazi alipiga 4K kwa ulalo, andika scale=1920:-2,fps=25 baada ya -vf. Asiyependa kuandika amri achukue Shutter Encoder, inafanya kazi hiyohiyo kwa vitufe.

Gharama ni nafasi ya diski. DNxHR SQ ya 1080 kwenye 25 ni takriban megabiti 120 kwa sekunde, karibu gigabaiti 54 kwa saa. Dakika moja iliyokuwa megabaiti 60 hivi kwenye iPhone inageuka 900. Kwa hiyo nageuza zile tu nitakazotumia. Shangazi alipiga dakika arobaini za migongo ya watu, nilichukua nne.

iPhone 12 na zilizofuata zina la ziada: zinapiga HDR, yaani mwanga mpana kuliko wa video ya kawaida, na ukiziweka bila mpango kwenye mradi wa kawaida, nyuso zinawaka kama zimepakwa unga. Hizo nazigeuza kwa dnxhr_hqx na yuv422p10le ili biti 10 zisipotee, kisha katika usimamizi wa rangi wa Resolve naiambia klipu kwamba ni Rec.2100 HLG.

Lakini afadhali kuzuia. Siku hizi, kabla ya sherehe, namtumia mwenye iPhone ujumbe: Réglages, Appareil photo, Formats, chagua "Le plus compatible". Halafu kwenye "Enregistrer une vidéo", zima "Vidéo HDR", washa "Afficher les formats PAL", na ile 25 itajitokeza kwenye orodha. Wakubwa hawanisikilizi. Vijana wananisikiliza.

Na ile 30 iliyokwisha kupigwa? Ukiileta 25 kuna fremu zinazotupwa, na mtu anayepita mbele ya kamera anaonekana kama anajikwaa. Penye hotuba hakuna atakayeona. Penye ngoma wanaona wote. Kwa hiyo ngoma isiyohitaji sauti yake (maana muziki nitaweka mwenyewe) siipitishi kwenye fps=25. Naipitisha na fps=30, halafu kwenye taimlaini naipunguza mwendo hadi asilimia 83.33. Kila fremu inapata nafasi yake, na mama mkwe anacheza kwa madaha kuliko alivyocheza kweli.

WhatsApp

Usihangaike kuitibu, imekwisha kubanwa, hairudi. Mpigie mwenye video aitume upya kama dokima (Document), WhatsApp inakubali hadi gigabaiti 2, au aje na simu yake tutumie kebo. Kati ya zile saba nilipata tano halisi. Mbili zilizobaki niliziweka ndogo.

MTS na DVD

Hizi zina mistari inayopishana: nusu ya picha sasa, nusu nyingine baada ya moja ya hamsini ya sekunde. Mkono ukipunga, unaona meno ya kitana. Tumia amri ileile, ila mahali pa fps=25 weka bwdif=0. Sauti ya MTS mara nyingi ni AC-3, na ziko programu zinazoifungua ikiwa kimya. Baada ya kugeuza, inasikika. Na kadi ya kamera hiyo inakiliwe nzima, dosiye zake zote, maana hotuba ndefu hukatwa vipande na mpangilio wake ndio unaosaidia kuviunga.

Picha ya DVD ni 720 kwa 576. Usiivute ijaze skrini ya leo. Wazazi wale nimewaweka katikati, na nyuma yao picha ya ziwa iliyofifishwa. Mama wa bwana harusi aliniuliza kama nimenunua fremu ya mbao.

Canon iache ilivyo

Klipu zake zina mwendo thabiti, 25, sauti 48. Tatizo lake ni uzito tu: kwenye H.264 fremu nyingi hazijakamilika, kila moja inaazima kwa jirani, hivyo ukirudi nyuma fremu moja mashini inahesabu kumi. Mashini yangu yenye RAM ya gigabaiti 8 inakwama. Nazitengenezea proksi, nakala nyepesi za kukatia, ndani ya Resolve, nakata na proksi, na siku ya kutoa filamu narudi kwenye za asili.

Kazi hizi naziwasha usiku, umeme unapokuwa na nguvu. Betri yangu ilikufa zamani, na umeme ukikatika katikati, MOV inayoandikwa haifunguki tena, kwa sababu orodha yake ya ndani huandikwa mwishoni. Ndiyo maana nageuza klipu fupifupi. Asubuhi nafuta ile moja iliyokatika na kuianza upya.

Kutoa

Televisheni za mitaani kwetu zinapenda MP4 ya H.264, sauti AAC, 25. Flashi nyingi za wateja zimepangwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili la kufika gigabaiti 4. Kwa megabiti 8 kwa sekunde hiyo ni dakika sabini hivi. Kwa hiyo nakata filamu mbili, kanisani na ukumbini, na mteja anazijaribu kwenye televisheni yangu kabla hajashuka zile ngazi.