Jinsi ya kumvusha Pieris napi majira ya baridi

Pieris napi ni kipepeo mweupe anayepatikana hadi kaskazini ya mbali ya Sweden na Finland. Mtambue kwa upande wa chini wa bawa la nyuma, ambako mishipa imepakwa rangi ya kijani-kijivu. Ukimtazama kwa lenzi, kijani chenyewe hukioni: ni magamba meusi yaliyochanganyika na ya manjano. Pieris rapae, mharibifu wa kabichi, hana mistari hiyo.

Kama uko kusini mwa Sweden, tafuta mayai ya Agosti; matano au sita yanatosha. Mfuate jike anayeruka chinichini penye unyevunyevu, akigusagusa majani ya Alliaria petiolata, mmea wa jamii moja na sukuma wiki. Akikunja tumbo chini ya jani, geuza jani hilo: utakuta yai moja limesimama wima, refu kama milimita 1. Usiokote viwavi. Wengi wameshatagiwa mayai ndani na nyigu wadogo, na utaishia kufuga nyigu.

Weka tawi la mmea huo, lenye mayai, kwenye chupa ya maji, uzibe mdomo wake kwa pamba, la sivyo viwavi watateremka na kufa maji. Tandika tishu chini na uibadilishe kila siku, maana kinyesi kikilowa huota ukungu, na kiwavi mmoja akiugua huambukiza wenzake. Kiwavi aliyekomaa hujifunga kiunoni kwa uzi wa hariri na kuwa pupa, yaani hatua ya kutulia kabla ya kuwa kipepeo. Usimbandue.

Wengi huharibu hapa kwa huruma: wanampeleka pupa sebuleni apate joto. Joto hilo humkausha, au humtoa Januari wakati nje hakuna ua hata moja. Baridi ndiyo anayoihitaji, tena ya miezi. Mweke kwenye kibanda cha nje, mbali na jua na panya. Ukitumia friji, iwe nyuzi 2 hadi 5, na kwa kuwa hewa ya friji ni kavu, weka kwenye kopo pamba yenye unyevu isiyomgusa.

Mwezi wa Aprili mtoe, umwekee kijiti chenye gome la kukwaruza. Kwenye plastiki laini kipepeo mchanga huteleza, na mabawa yake hukauka yakiwa yamekunjamana.

Mwachilie pale ulipookota yai, mchana wa jua. Atafungua mabawa nusu: weupe unarudisha mwanga mwilini, na weusi wa kwenye mashina ya mabawa unanasa joto. Akishapata moto, ataruka.