Kulisha kijibwa wa Chihuahua au Yorkie: angalia saa kwanza

Siku hizi hapa Malindi hivi vijibwa vya kubebwa kwapani vimezidi, na kila mwenye kuletewa mmoja swali lake ni lilelile, huyu anakula nini jamani. Hilo tutafika. Kwanza ujue anakula saa ngapi.

Chihuahua hata akiwa mzima kabisa ni wa kilo 3 hivi au chini, kwa hivyo mtoto wake wa miezi miwili utakuta ana gramu 600, 700 basi. Ini dogo, mwilini hana nyama wala mafuta, sukari ya akiba hakuna. Akikaa saa tano sita hajala, na huku watoto wanamchezesha au amelowa anasikia baridi, sukari inashuka anaanguka. Mbwa koko wa mtaani atalala na njaa na asubuhi yuko sawa, huyu hawezi, usimpimie kwa yule.

Mpaka afike miezi mitatu mpe mara sita kwa siku, na huna haja ya alamu maana adhana inakutosha: alfajiri, kisha saa tatu asubuhi, adhuhuri, alasiri, magharibi, na ya mwisho saa tano usiku ukienda kulala. Hii ya usiku ndiyo watu huiruka na ndiyo muhimu zaidi.

Kipimo ni kidogo kuliko unavyodhani. Wa gramu 700 kwa siku nzima anakula kama gramu 40 za punje kavu, yaani kila mlo ni kijiko kimoja cha mezani hivi, lakini soma na pakiti yako maana hazifanani. Nunua zile za watoto wa mbwa wadogo, punje ndogo, uloweke kwa maji ya vuguvugu dakika kumi ziwe laini. Na joto letu hili la kaskazi chakula kilicholowa kinachacha upesi, asipomaliza kwa nusu saa mwaga, usimwekee akirudie. Maji safi yawepo muda wote.

Ugali mtupu utamjaza tumbo na hautamjenga. Kuku wa kuchemsha asiye na chumvi wala mfupa, na wali kidogo, ni sawa kuongezea, ila usimlee kwa hivyo peke yake, kalsiamu itakuwa haba na mifupa itakuwa dhaifu. Maziwa ya ng'ombe na chai ya maziwa humharisha, na kuharisha kwa mwili ule ni hatari. Pilau na mchuzi hapana, vitunguu maji na thomu vinaharibu damu ya mbwa, tui nalo ni mafuta mengi. Samaki mpe minofu tu na uipapase kwa vidole kwanza, tasi na changu wana miba ya kumkwama. Chokoleti na zabibu zisimkaribie kabisa.

Sasa ukimuona amelegea, anayumba kama mlevi, anatetemeka, ufizi umepauka na wa baridi, usingoje. Chovya kidole kwenye asali au glukosi ya unga iliyokorogwa na maji, umpake kwenye ufizi na ndani ya shavu. USIMMIMINIE mdomoni, hasa kama amezimia au ana degedege, itaingia kwenye mapafu. Mfunge kwa kanga apate joto, akizinduka mpe chakula kidogo, halafu nenda kwa daktari wa mifugo hata kama ameanza kurukaruka, maana inaweza kurudi, na pengine chanzo ni minyoo. Kopo la asali likae mahali wote nyumbani wanapajua, hata dada wa kazi.

Kila wiki mpime kwa mizani ya jikoni, uzito ukisimama au ukishuka kuna jambo. Chakula chake alichotoka nacho usikibadilishe ghafla, changanya kidogokidogo kwa wiki nzima. Baada ya miezi mitatu shuka mara nne, miezi sita mara tatu, akikaribia mwaka ndiyo unamuingiza chakula cha wakubwa. Na bakuli na kijiko chake viwe vyake, uvioshee nje kwenye mfereji, nyumba zetu mnazijua, usije ukaanza vita na mama mkwe kwa sababu ya kijiko.